Nimeokota bendi mpya ya dream pop, hawa vijana watafika mbali (Alvvays)

Usingizi_wa_Pono (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Sina kawaida ya kufungua uzi jukwaa hili, mimi ni wale wa kusoma na kupita kimyakimya. Ila jana usiku kimenikuta kitu na nimeona nikikaa nacho peke yangu nitakuwa mchoyo.

Nilikuwa nakunja nguo, simu nimeiacha ijichezee yenyewe, mambo ya algoriti. Mara nyingi inaniletea takataka. Jana ikaleta ngoma inayoanza na gitaa linalolia kama limeachwa karibu na spika likajisahau, kelele tupu kwa sekunde kadhaa. Nikawa nimenyoosha mkono niruke. Kabla sijagusa, kelele ikafunguka ikaingia sauti ya dada anaimba kwa mbali, kama yuko chumba cha pili na mlango umerudishiwa. Nguo nikaziacha hapohapo.

Wimbo unaitwa "Archie, Marry Me", bendi inaitwa Alvvays, nao ni dream pop, yaani pop ya kindoto yenye sauti zinazoelea kwenye mwangwi. Hizo V mbili sikukosea, ndivyo wanavyoandika. Albamu ina jina hilohilo la bendi, nyimbo 9, nusu saa na dakika chache. Nimeimaliza mara mbili usiku uleule.

Kilichonimaliza hasa ni "Next of Kin". Ala zinachangamka, unaweza kutikisa kichwa na kutabasamu, halafu unakuja kugundua dada anasimulia mpenzi wake alivyozama mtoni. Nilirudia kusikiliza nikihakikisha sijaelewa vibaya. Sijaelewa vibaya.

Nina maswali mawili. Kuna mtu humu anawafahamu? Na je, mbona sauti ya mwimbaji iko mbali hivyo na imefunikwa na ukungu, ni hela ya studio ilikuwa ndogo? Maana mimi naona hawa vijana wakipata prodyuza wa kueleweka watafika mbali sana.

NyukiMweusi

Ngoja wajuvi waje. Mimi nimekaa siti ya dirishani.

Bibi_Kaseti

Mleta mada, nimecheka mpaka nimemwaga kinywaji, usinichukie.

Albamu hiyo ilitoka Julai 2014. "Vijana" wako wameshatoa albamu tatu, na wimbo wao mmoja, "Belinda Says", uliteuliwa kuwania Grammy za 2024. Kufika mbali wameshafika mkuu, wewe ndiye umekuta kituo kitupu basi limeshaondoka.

Lakini karibu, hakuna aliyechelewa kwenye muziki. Ni bendi ya Toronto, Kanada. Mwimbaji ni Molly Rankin, gitaa ni Alec O'Hanley, vinanda ni Kerri MacLellan. Molly na Kerri walikuwa majirani tangu utotoni huko Cape Breton, kisiwa cha jimbo la Nova Scotia. Baba yake Molly alikuwa mpiga fidla wa The Rankin Family, kundi la ndugu waliokuwa na jina kubwa Kanada kwa muziki wa asili wa kwao. Kwa hiyo huyo dada hakuokota melodi barabarani. Kazaliwa ndani yake.

V mbili ukizibananisha zinasomeka W. Kulikuwa na kundi lingine limeshatangulia na jina la Always, wao wakakwepa kwa tahajia. Matamshi ni yaleyale.

Usingizi_wa_Pono

Dah. Nimejiona mjinga kidogo, lakini ni mjinga mwenye furaha. Kumbe nimeokota dodo chini ya mnazi, na wenye mnazi wameshahama.

Halafu mimi nilikuwa natamka "Alvayz" kichwani usiku kucha.

KichwaNgumu

Sitaki kuharibu sherehe, ila kichwa cha uzi kina kosa. Hii siyo dream pop. Hii ni pop ya gitaa za kung'aa, zile nyuzi zinazopigwa moja moja zikalia kama funguo mfukoni. Wimbo una ubeti, una kiitikio, kiitikio unaweza kukiimba kesho yake ukiwa foleni. Dream pop haikupi kiitikio cha kubeba, inakupa hali ya hewa. Kila bendi yenye dada anayeimba taratibu na mwangwi kidogo siku hizi inaitwa dream pop. Tuheshimu maneno.

Bibi_Kaseti

KichwaNgumu umeanza.

Tuheshimu maneno basi, tuanzie kwa mwenye neno. Neno hilo linatajwa kuwa la Alex Ayuli wa A.R. Kane, wawili weusi wa London Mashariki, yeye na Rudy Tambala, miaka ya mwisho ya 1980. Haohao walikuwa sehemu ya kundi la M/A/R/R/S, waliotoa "Pump Up the Volume" mwaka 1987 ikashika namba moja Uingereza. Sasa nenda kasikilize albamu yao ya 1988 inayoitwa 69. Kuna dabu mle (ile regee iliyojaa mwangwi), kuna kelele, kuna jazi, kuna vitu havina jina mpaka leo. Haifanani na Beach House, bendi ya dream pop ya siku hizi, hata kwa kulazimisha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza neno halikuwa la mdundo fulani wala kiitikio kipo au hakipo. Lilikuwa la namna sauti inavyokaa kichwani.

Na Cocteau Twins, lile kundi la Uskoti, unawaweka wapi? "Heaven or Las Vegas" ya 1990 imejaa viitikio vya kubeba. Huelewi anaimba nini, lakini unabeba.

KichwaNgumu

Cocteau Twins nimewaweka wanapostahili, juu kabisa. Ndiyo maana nakataa kuwaweka meza moja na kila mtu.

Lakini nakubali jambo moja: wimbo wa mwisho wa hiyo albamu, "Red Planet", huo ni dream pop bila ubishi. Gitaa zimepumzika, vinanda vinayumba, sauti inaelea. Kama wangetoa nyimbo tisa za namna hiyo nisingefungua mdomo.

NyukiMweusi

Wangetoa tisa za namna hiyo nisingefumbua macho.

FundiPedali

Ubishi wa majina nawaachia. Mleta mada aliuliza swali la maana na hakuna aliyemjibu: mbona sauti iko mbali?

Mkuu, siyo hela. Ni makusudi. Nieleze kidogo, mniwie radhi nikirefusha, hapa ndipo ninaposhinda mchana na usiku.

Ukipiga kofi ukielekea ukuta wa mwamba ulio mbali, linarudi kofi la pili. Huo ndio mwangwi tunaoujua. Ukipiga kofi ndani ya ukumbi mkubwa mtupu, husikii makofi mawili, unasikia kofi moja lenye mkia. Mkia huo ni maelfu ya miangwi midogo, kila ukuta na dari vinarudisha chake, inafika karibukaribu mno kiasi kwamba sikio linashindwa kuitenganisha na kuiunganisha kuwa kitu kimoja. Pengo likiwa dogo, chini ya milisekunde 50 hivi, sikio linasamehe. Likizidi sana, linaanza kuhesabu. Mkia huo kwa mafundi ndio riverbu.

Amplifaya za zamani zilitengeneza mkia huo kwa springi halisi iliyofungwa ndani ya boksi. Ukiipiga teke amplifaya, springi inanguruma kama radi. Siku hizi pedali ndogo ya gitaa, ya kukanyaga kwa mguu, inakupa ukumbi wa saizi yoyote.

Sasa weka sauti ya mtu ndani ya mkia huo. Herufi kama t, k, p, s ni fupi na hafifu ukilinganisha na irabu. Irabu ni ndefu na nzito. Mkia wa irabu iliyopita unaifunika konsonanti inayofuata. Matokeo yake maneno yanayeyuka, melodi inabaki. Ndiyo maana unasikia huzuni kabla hujajua inahusu nini. Kilichokukuta kwenye "Next of Kin" ni hichohicho, moyo umechangamka kwanza, habari ya msiba imekuja baadaye kwa miguu.

Prodyuza akitaka neno lisikike, anauchelewesha mkia kidogo tu, neno linatangulia na ukungu unafuata nyuma. Akitaka lizame, anauachia uanze palepale. Kwenye albamu hii ya kwanza utasikia wanacheza na vyote viwili. "Archie, Marry Me" maneno mengi yanashikika ukiwa makini, na ni maneno ya dada anayembembeleza Archie amuoe, huku Archie anaidharau ndoa na ana deni la masomo. Hadithi kama hiyo huwezi kuizamisha yote, utani wake ungepotea.

Ilirekodiwa Calgary kwa Chad VanGaalen, mwanamuziki na mchoraji ambaye anapenda sauti zenye vumbi. Kisha ikachanganywa na Graham Walsh na John Agnello. Hao siyo watu wa kuajiriwa kwa bahati mbaya. Ukungu umewekwa na watu wanaojua kuuondoa.

Na jambo la mwisho: umesikilizia nini? Usiniambie spika ya simu.

Usingizi_wa_Pono

Spika ya simu.

FundiPedali

Astaghfirullah.

Mkuu, spika ya simu haina besi, na upana wa kushoto na kulia unabanwa mpaka unabaki tundu. Muziki huu nusu yake ni upana. Umekula ganda ukasema chungwa tamu. Tafuta hedfoni, hata za bei rahisi, zima taa, anza upya. Urudi hapa.

Mtu_wa_Ubeti

Nimesoma hilo la irabu na konsonanti nikasimama. FundiPedali umefungua mlango bila kujua.

Mimi ni mtu wa mashairi, muziki wa gitaa sina habari nao. Lakini angalieni Kiswahili. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu. Hatuna yale mafungu ya konsonanti nne zinazogombania mlango mmoja kama Kiingereza. Mshororo wa Kiswahili ukiuimba ndani ya huo ukumbi wenu mtupu, kitakachobaki ni kingi zaidi. Chukua neno kama "nimekumbuka". Mpe kila silabi nafasi yake, konsonanti zizame zote, zinabaki i-e-u-u-a. Bado lina umbo. Jaribu hivyo na neno la Kiingereza lenye silabi moja na konsonanti tano, linabaki "e" tu.

Sisemi ni rahisi. Nasema lugha imeshatengenezewa njia.

KichwaNgumu

Hili ni la kwanza kwenye uzi huu ninaloliunga mkono bila kupunguza.

Ila kuna upande wa pili. Irabu zetu ni tano tu. Ukizamisha konsonanti, "kiza", "kina", "kisa" na "hila" vinakuwa kitu kimoja. Utakuwa na wimbo mzuri ambao kila mtu amesikia wake.

Mtu_wa_Ubeti

Na hilo ni baya?

NyukiMweusi

Uzi umehama kutoka kukunja nguo mpaka isimu. Siti ya dirishani inalipa.

Usingizi_wa_Pono

Nimerudi. Nimeazima hedfoni za dada yangu, nimezima taa kama nilivyoamriwa.

Sikujua kuna gitaa la pili. Nimesikiliza albamu mara mbili bila kujua kuna gitaa la pili! Kwenye "Party Police" liko upande wa kulia linasema maneno yake lenyewe, la kushoto linamjibu, na dada yuko katikati hana habari nao. Nimekaa gizani kama mtu aliyepokea barua.

Kisha nikaruka moja kwa moja mpaka Blue Rev, albamu ya tatu, maana Bibi_Kaseti alisema Grammy. Hapo naomba msinipige mawe. Imenichanganya. Wimbo wa kwanza, "Pharmacist", haujafika popote gitaa linapasuka mwishoni, umekwisha. Dakika mbili. Nyimbo 14, kila mmoja unakimbia kama una mahali pa kwenda. Ile albamu ya kwanza ilinipa nafasi ya kuvuta pumzi. Hii inanivuta shati.

Bibi_Kaseti

Hakuna mawe, ila usiihukumu kwa siku moja.

Blue Rev ilipita kwenye mengi. Ile ya pili, Antisocialites, ilitoka 2017. Baadaye mtu akaingia nyumbani kwa Molly akaondoka na kifaa chenye rekodi za majaribio. Siku iliyofuata mafuriko yakaingia chumba cha chini yakakaribia kumaliza vyombo vya bendi. Kisha janga la korona, mipaka ikafungwa, wakashindwa kukutana kufanya mazoezi na mpiga ngoma na mpiga besi wao wapya. Albamu ikatoka Oktoba 2022. Miaka mitano.

Ninachokipenda ni kilichotokea studio. Walifika kwa prodyuza Shawn Everett wamejiandaa kwa kila kitu, kila sauti imepangiwa mahali. Yeye akawaambia waweke mipango pembeni, wapige tu. Siku ya pili wakapiga albamu nzima tangu mwanzo hadi mwisho mara mbili, wakipumzika sekunde chache kati ya wimbo na wimbo. Kisha ndipo akaanza kuzivuruga hizo sauti kwa vifaa vyake. Hiyo kasi unayoisikia siyo haraka ya watu wanaokimbiza muda. Ni watu waliokaa miaka mingi bila kupiga pamoja, wameachiwa ghafla.

Anza na "Many Mirrors" na "Tile by Tile". Hiyo ya pili ni ya mtu kama wewe anayependa kuvuta pumzi. "Pharmacist" iache mpaka wiki ijayo. Na usiiruke Antisocialites, "Dreams Tonite" iko mle, na hata KichwaNgumu atakaa kimya.

KichwaNgumu

"Dreams Tonite" nakaa kimya. Video yake wameitengeneza kwa picha za zamani za Expo 67, maonyesho ya dunia ya 1967 huko Montreal, wakajipachika wao ndani kama walikuwepo. Mtu akiniuliza dream pop ni nini namwonyesha hiyo, sisemi neno.

Mnaona, nimewapa moja.

NyukiMweusi

Jamani nauliza kwa niaba ya walio kimya: wapya wa kweli ni kina nani? Mleta mada alikuja na wapya wa 2014.

FundiPedali

Jaribu Wishy, wa Indianapolis, Marekani. Albamu yao ya kwanza nzima ni Triple Seven ya 2024. Gitaa zimejaa, kuna mwanamume na mwanamke wanapokezana kuimba. Bado wanajitafuta, kuna nyimbo ambazo hawajaamua wawe bendi ya kelele au ya ndoto, lakini wakipatia wanapatia hasa.

Kama unataka tamu zaidi, Hatchie wa Brisbane, Australia. Huyo ni mtu mmoja, siyo bendi. Wimbo wake "Sure" ulifanyiwa toleo jipya na Robin Guthrie, yuleyule mpiga gitaa wa Cocteau Twins. KichwaNgumu, mzee wako mwenyewe kaweka mkono.

KichwaNgumu

Mzee ana haki ya kukosea. (Nimelisikiliza. Hajakosea.)

Bibi_Kaseti

Na mkiwapenda wanunueni jamani, hasa hao wanaoanza. Bandcamp, lile duka la muziki la mtandaoni, inakata asilimia 15 kwenye albamu ya kidijitali, kinachobaki ukitoa ada za malipo kinakwenda kwa mwenye kazi au lebo yake. Spotify tangu 2024 wimbo usipochezwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Bendi inayojitafuta inaweza kuwa na mashabiki wa kweli mia mbili na isione hata senti. Hao mia mbili wakinunua, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Usingizi_wa_Pono

Nimenunua ile ya 2014. Najua hawanihitaji tena, nimelipa deni la kukunja nguo.

Sasa ungamo. Maneno ya Mtu_wa_Ubeti hayakuniacha nilale. Usiku wa leo nimeingia bafuni, vigae mpaka darini, nikaweka simu juu ya sinki nikaimba "nimekumbuka" kwa kuvuta, tena na tena, melodi ya kubuni tu. Wakuu, lile bafu lina mkia! Konsonanti zimezama zote. Nimejisikiliza kwenye hedfoni na kwa sekunde kama nne hivi sikujitambua.

Kisha dada yangu kagonga mlango, anauliza kama niko salama na kama hedfoni zake zitarudi.

Mtu_wa_Ubeti

Weka hapa tusikie.

KichwaNgumu

Weka. Nitasema kama ni dream pop au siyo.

Usingizi_wa_Pono

Inapanda. Asilimia 40. Kugonga kwa dada nimekuacha humohumo, kumeingia kwenye mdundo.